Niliandika Watu Wawili, Garini Nilikuwa Peke Yangu

Nina umri wa miaka hamsini na tatu. Ni mume wa mke mmoja, baba wa binti mmoja, na ninaishi Scarborough hapa Toronto, Kanada, ghorofa ya kumi na nne. Naandika haya nikiwa nimesimama, karatasi nimeiweka kwenye kaunta ya jikoni, kwa sababu kukaa kitini muda mrefu siwezi. Sijawahi kuweza. Na huko kutotulia kwangu ndiko kulikonifikisha hapa nilipo...

Wasomaji wenzangu, niliwahi kuacha watu watafute maiti kwenye theluji, nikijua kabisa kwamba anayetafutwa yuko hai! Nilijua, nikanyamaza. Mnaweza kunichukia, ni haki yenu. Lakini kwanza nisikilizeni mpaka mwisho, maana huenda kuna mmoja wenu ambaye leo hii yuko kwenye njia ileile.

Nilitoka Singida mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Miaka mitatu ya kwanza nilifunga maboksi kiwandani, kisha nikapata leseni ya magari makubwa. Nilivyoipenda leseni ile! Kila Jumapili baada ya ibada nilibaki na wageni waliofika karibuni, kanisani kwetu, chumba kilichobanwa kati ya duka la kufulia nguo kwa mashine na duka la vitambaa. Nilichukua ubao wa kwaya na kuwachorea magari. Walinipa jina la utani, Mwalimu Breki.

Niwaeleze na nyinyi, maana ni muhimu kwa mkasa huu. Leseni za Ontario, jimbo letu hapa, zina herufi. A ni ya trela, lile refu lenye kichwa na mkia. D ni ya lori la kipande kimoja, la kokoto, la taka, la zege, la kusukuma theluji. C ni basi la abiria. B ni basi la wanafunzi. Ukiona na Z pembeni, ujue huyo amefuzu breki za upepo. Niliwaambia wageni wale kwamba karatasi hii moja ina milango mingi, kila mtu atafute unaomfaa yeye na nyumba yake.

Maneno mazuri, sivyo? Lakini nikishamaliza kueleza nilikuwa naharibu kwa mzaha. "Dereva wa basi la mjini ni mwendesha lifti," nilikuwa nasema. "Anapanda, anashuka, hafiki popote!" Watu walicheka mpaka viti vinalia. Nami nilifurahi kuchekewa.

Kwangu mimi mlango ulikuwa mmoja tu, nao ni trela na safari ndefu. Nikikaa nyumbani siku mbili, mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga zulia wenyewe kama kuna mafuta chini. Nilikuwa nashuka na lifti kwenda kuangalia gari ambalo halina tatizo, napanda, nashuka tena. Binti yangu Rehema, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, aliniuliza siku moja kama sisi ni familia yangu au ni kituo changu cha mafuta. Nilicheka. Kwa nini nilicheka?

Kati ya wanafunzi wangu wa Jumapili alikuwemo Bisimwa, kijana wa Bukavu, mpole, mwenye mke na watoto watatu. Mkewe tulimwita Mama Furaha. Bisimwa aliniita yaya, kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao. Nilimfundisha kukagua breki, nilimfundisha kurudisha trela nyuma bila kulikunja, na alipofaulu leseni ya A alinishika mikono miwili akalia. Kampuni moja ndogo upande wa magharibi wa jiji ikatuajiri pamoja, madereva wawili gari moja. Mmoja anaendesha, mwingine analala kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti, halafu mnabadilishana. Hivyo gari halisimami, na mzigo wa Winnipeg, jiji lililo zaidi ya kilomita elfu mbili kutoka kwetu, unafika mapema.

Miaka miwili tulikwenda vizuri. Bisimwa aliimba akiendesha, mimi nililalamika. Tulikuwa ndugu.

Ndipo majira ya baridi ya mwaka wa tatu akanijia, uso umemshuka. Aliniambia Mama Furaha figo zake ni mbaya, kila siku anatakiwa kupelekwa kusafishwa damu, na hataki mtu yeyote kanisani ajue. Akaniapisha nisimwambie hata mke wangu Tumaini. "Yaya, nikiondoka huyu mama nitamzika," alisema. "Na nikiacha kazi, mzigo wa Winnipeg watapewa wengine. Wewe utapelekwa kubeba mchanga wa hapahapa mjini. Nifiche wiki tano tu, mpaka hali yake itulie."

Wiki tano! Nilipaswa kusema hapana. Sheria inaweka mpaka wa saa ambazo mtu mmoja anaweza kuendesha, nami ndiye niliyekuwa nawafundisha wengine mpaka huo. Lakini niwe mkweli... sikukubali kwa huruma peke yake. Niliposikia "mchanga wa hapahapa mjini" nilimpa mkono palepale. Niliitaka ile barabara ndefu. Niliitaka hata kama ni peke yangu.

Tulifanya hivi. Asubuhi Bisimwa alikuja kwenye uwanja wa magari wa kampuni na begi lake, akasalimia kila mtu, akapanda. Nikitoka nje ya jiji, kwenye mgahawa wa kwanza wa madereva, nilimshusha. Alirudi mjini kwa basi, na siku ya kurudi mimi niliegesha gari baada ya ofisi kufungwa, hakuna wa kutuhesabu. Mimi nilibaki na daftari mbili za kuandikia saa za kuendesha na kulala, yangu na yake, na yake alikuwa ameshatia sahihi kurasa zote tupu. Nilipochoka niliandika kwamba mimi nimelala na Bisimwa anaendesha. Kumbe ni mimi, na ni mimi, na ni mimi tena! Kwenye karatasi tulikuwa wanaume wawili waliopumzika vizuri. Garini kulikuwa na mzee mmoja anayejipiga makofi usoni asisinzie.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nikaanza kuona miti inavuka barabara.

Tumaini hakujua lolote, lakini hakuwa kipofu. Alinikuta nimelala nimekaa, kijiko mkononi. Akaniletea fomu ya kuomba kazi ya kuendesha basi la mjini, alikuwa ameshaijaza nusu kwa mwandiko wake mzuri.

"Baba Rehema, wanakufundisha wenyewe, na kila siku unalala kwako," aliniambia.

Nikamjibu nitaendeshaje lifti mimi? Hakucheka. Aliikunja fomu akaiweka kwenye droo ya vijiko.

Jumapili ileile alinisimulia jinsi Mama Furaha alivyocheza kwenye harusi ya mtu wa kanisani mpaka kiatu kikamtoka. Nilishtuka kidogo. Mgonjwa wa figo anacheza hivyo? Nikajiambia figo ziko ndani, nani anaziona? Nikajiambia labda anaficha maumivu. Mtu anayetaka kuamini jambo hakosi sababu, jamani.

Wiki ya nne, siku ya Ijumaa. Nilikuwa narudi kutoka Winnipeg na shehena ya nyama ya nguruwe iliyogandishwa. Nilikuwa nimeendesha tangu jana yake mchana, nikisimama kujaza mafuta na kunywa kahawa tu. Kulikucha nikiwa kwenye milima ya kando ya Ziwa Superior, karibu na mji mdogo wa Wawa. Jua lilitoka kali, theluji yote ikang'aa. Nakumbuka nilifumba macho kidogo kuukwepa mng'ao ule...

Sikuyafumbua.

Nilichosikia ni mlio mrefu wa chuma. Nilipozinduka gari lilikuwa limelala ubavu, kioo kimesambaratika, na maboksi ya nyama yametapakaa kwenye theluji mpaka chini kwenye miti. Nilijivuta nikatoka kwa dirisha la mbele. Mkono umevunjika, damu machoni, lakini nilikuwa hai! Madereva waliosimama walinifunika blanketi.

Polisi alifika. Mtu mzima, sauti ya upole. Alizipata daftari zote mbili, akazisoma huku mvuke unamtoka mdomoni. Kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Hapa imeandikwa wewe ulikuwa umelala. Mwenzako ndiye alikuwa anaendesha. Yuko wapi?"

Wasomaji, hebu simameni hapo na mimi. Neno moja tu lilihitajika. Hayupo! Lakini nikilisema, maana yake daftari ni uongo, na nikionekana mwongo wa daftari nimekwisha, leseni ya A imekwenda. Tena tazama shetani alivyo hodari... kwa maandishi yale, aliyeliangusha gari si mimi. Ni Bisimwa. Mimi ni abiria niliyekuwa usingizini.

Nilimtazama yule polisi. Nikasema, "Sijui."

Akasimama akapaza sauti kwa wenzake kwamba kuna mtu wa pili, huenda amerushwa nje, huenda amechanganyikiwa akaingia msituni. Nje ilikuwa baridi ya kuua mtu kwa muda mfupi. Nilipokuwa napakiwa kwenye gari la wagonjwa niliwaona wakianza kuteremka gengeni, wakiita kwa matamshi yao, "Bisimwa! Bisimwa!"

Jina lile lilipigiwa kelele msituni na watu wasiomjua. Naye alikuwa Toronto.

Hospitalini nilimwomba muuguzi simu. Nilitaka nimpate Bisimwa kwanza, tupange maneno. Nikapiga, simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Saa zikaenda. Mkono ukafungwa plasta. Polisi akaja mara mbili kuuliza kama nimekumbuka chochote, nami mara zote mbili nikatikisa kichwa. Miguu yangu chini ya shuka ilikuwa inakanyaga, inakanyaga. Muuguzi alidhani ni maumivu.

Mchana wakaleta mgonjwa kitanda cha pili, tukatenganishwa na pazia. Nilisikia sauti ya mwanamke mzee akiguna. Wauguzi wakaambiana kwamba ni mmoja wa wananchi waliojitolea kutafuta, ameteleza kwenye miamba, nyonga imevunjika. Wakamwuliza kama anahisi baridi, kama anataka dawa zaidi ya maumivu. Yule bibi akawajibu kwa ukali kidogo.

"Acheni kunihangaikia mimi. Kijana wa watu mmeshampata?"

Nilivunjika palepale. Mfupa wa mkono haukuniuma kama maneno yale. Nilimwita muuguzi, nikamwambia amlete polisi haraka. Alipoingia sikusubiri aulize.

"Hayupo," nilisema. "Hakuwemo garini. Tangu mwanzo nilikuwa peke yangu."

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alinitazama, akatazama lile pazia, kisha akatoka nje mbio na redio yake ili watu warudishwe. Yule bibi alikuwa amesikia kila neno.

Sasa niwaambie yaliyotokea Scarborough saa zilezile, kama Tumaini alivyonisimulia baadaye.

Kampuni ilikuwa imempigia Mama Furaha kwamba gari limepinduka na mumewe haonekani. Mama wa watu akapiga yowe lililosikika ghorofa tatu. Wanawake wa kanisa wakajaa, sufuria zikabandikwa, mchungaji akafika. Tumaini, aliyeambiwa kwamba mimi nimevunjika mkono tu, aliacha kunihangaikia mimi akaenda kumshika mwenzake. Alimkalisha mapajani kama mtoto. Ndipo alipojua vilevile kwamba hakuna ugonjwa wowote wa figo. Aliuliza dawa zake ziko wapi asije akazidiwa, kwa kuwa nilipompigia simu kutoka hospitalini nilikuwa nimebwabwaja kwamba yule mama ni mgonjwa wa figo. Mama Furaha akamtazama, akasema hajameza hata panadoli tangu ajifungue mtoto wa mwisho.

Jioni, kabla habari ya kukiri kwangu haijafika huko, mlango ukafunguliwa. Bisimwa huyo! Na begi lake la safari begani. Hakuwa amewasha simu, hakujua lolote. Ijumaa ndiyo siku yake ya "kurudi kutoka Winnipeg", basi alikuwa ameshatengeneza uso wa uchovu tangu kwenye lifti. Akaingia akikung'uta viatu, hajatazama mbele.

"Eh, jamani! Barabara ya leo ilikuwa theluji tupu," alisema.

Dada mmoja aliangusha mwiko. Mama Furaha alimrukia akamkumbatia, akamzaba kofi, akamkumbatia tena. Ndipo Tumaini akasimama taratibu katikati ya chumba.

"Shemeji," alimwuliza, "na mume wangu umemwacha wapi?"

Bisimwa aliliachia begi likaanguka. Yote yakatoka. Hakuwa na mwanamke wa nje, kama wengi walivyodhani. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea udereva wa basi la mjini! Kwa wiki nne alikuwa akihudhuria mafunzo mchana na kulala kwa binamu yake, mtaa wa Mount Dennis. Mara mbili huko nyuma alikuwa ameomba akakataliwa, na sasa alikuwa ameapa asimwambie mtu, hata mkewe, mpaka avae sare. Mnaijua desturi yetu, jambo lisitajwe kabla halijaiva, macho ya watu yana sumu. Na kazi ya trela alikuwa akiishikilia kwa mgongo wangu, asije akakosa kote kuwili.

Niliporudi Toronto alikuja kunipigia magoti. Nilimfokea. Nilimwuliza aliwezaje kunidanganya hata mimi, kwamba mke wake mzima ni mgonjwa? Mimi niliyemfundisha breki? Mimi ndugu yake? Alilia, halafu akasema maneno ambayo sijayamaliza kuyatafuna mpaka leo.

"Yaya, ningekuambia wewe? Wewe unayewaita madereva wa basi waendesha lifti? Kanisa zima lingenicheka, na wewe ndiye ungeanza."

Nikamwinua pale chini, akaenda zake.

Hasara zikafuatana kama mabehewa. Kampuni ilitufukuza sote wawili. Bisimwa alinyang'anywa nafasi yake ya basi wiki moja kabla ya kumaliza, kwa sababu ya zile kurasa alizotia sahihi. Mimi nilisimama mahakamani, nikahukumiwa, na leseni yangu ya A ikachukuliwa. Tumaini hakunifokea hata siku moja. Alifunga nguo zake akaenda kwa dada yake, akakaa huko majira yote ya baridi. Alipokuwa analibeba sanduku alisema jambo moja tu.

"Uliniambia uko na mwenzako. Ndiyo maana mimi nilikuwa napata usingizi."

Fikirieni mtu kama mimi, asiyeweza kutulia, amefungiwa ghorofa ya kumi na nne bila leseni, bila mke, binti hamsemeshi! Nilitembea sebuleni mpaka zulia likaisha. Jumapili sikwenda kanisani. Nani angemsikiliza Mwalimu Breki?

Barafu ilipoyeyuka nilipanda basi kwenda Wawa. Safari ile niliyokuwa nikiendesha nikiwa mfalme, niliifanya kwenye kiti cha abiria, nimelipa nauli. Nilimtafuta yule bibi. Anaitwa Bi Margareti, mwalimu mstaafu, sasa anatembea kwa fimbo. Alinifungulia mlango, na niliposalimia tu akanijua kwa sauti. Nilimwomba msamaha nikiwa kizingitini.

Aliniambia kwamba siku ile, alipolisikia lile neno nyuma ya pazia, kwanza alifurahi, kwa sababu alikuwa amemwombea yule kijana tangu asubuhi, na sasa yuko mzima. Hasira ilikuja baadaye. Kisha akanitazama usoni. "Asubuhi ungesema," aliniambia. "Ningekuwa natembea." Akanikaribisha chai. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza tena.

Tumaini alirudi miti ilipoota majani. Hakurudi kwa maneno yangu matamu, alirudi aliposikia kwamba nimekwenda kwenye droo ya vijiko, nimechukua ile fomu, na kukaa kitini... kukaa kweli!... kuuliza ofisi moja baada ya nyingine ni mlango upi bado uko wazi kwa mtu kama mimi. Basi la abiria, hapana. Basi la wanafunzi, hapana kabisa. Baada ya muda mrefu na mitihani mipya nilirudishiwa herufi D peke yake. Leo naendesha lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani wakati wa theluji, na la kokoto wakati wa joto. Nazunguka Scarborough hiihii. Mguu bado unanicheza, sitawadanganya. Lakini jioni nafungua mlango wa nyumba yangu, na Rehema, ambaye sasa ni mtu mzima, huniuliza kwa Kiingereza leo nimefika wapi. Namjibu nimefika hapa.

Bisimwa anaendesha gari la mikate. Tukikutana tunasalimiana, tunaulizana watoto. Undugu ule haukurudi.

Wasomaji wapendwa, hasa nyinyi wenye leseni mfukoni au mnaoitafuta, shikeni haya kutoka kwa mtu aliyeungua. Milango ni mingi kweli. Kuna chumvi, kuna zege, kuna taka, kuna mikate, kuna kufundisha wengine, kuna kukaa ofisini kuwapangia wenzako safari. Chagueni ule ambao ukiingia, watu wa nyumbani kwenu wanaweza kulala usingizi. Msimcheke anayechagua mlango mdogo, maana mkimcheka mtamfundisha kujificha, na akijificha anaweza kujificha nyuma yenu.

Wala msidhani uongo wa karatasi unakaa kwenye karatasi. Unatembea. Ulitoka kwenye daftari langu ukaenda kumvunja nyonga mwanamke ambaye sikuwa nimewahi kumwona.

Nawasihi, kwa machozi. Kama leo kuna mtu umemwandika mahali ambapo hayupo, iwe kazini, iwe safarini, iwe popote, chukua simu useme hayupo. Usisubiri uulizwe. Mimi niliulizwa, tena kwa upole, na bado nilishindwa.